Damu ya Ukoo wa Pyo

Shemeji yangu, mzee Pyo Deok-man, anaamini utu mtu huzaliwa nao, na kwamba ukoo wake ndio uliogawiwa mwingi. Nani aligawa, sijui. Mimi niliolewa na marehemu mdogo wake, kwa hiyo hotuba hiyo nimeisikia miaka arobaini, na bado inanichefua.

Siku mjukuu wake, Gyu-min, alipotimiza mwaka, mzee aliita ukoo mzima. Meza ya mtoto ikapangwa kama ilivyo desturi yetu Wakorea: uzi, brashi ya wino, kitabu, noti, mikate ya mchele. Atakachokishika mtoto ndicho kitakachoonyesha atakuwa mtu gani. Safari hii mzee akaongeza la kwake.

"Akishika brashi au kitabu, hiyo ni damu yetu, na mahali pake ni hapa, nyumba kubwa ya ukoo. Nitamlea mimi. Akishika hela au chakula, basi mama yake keshaanza kumharibu, na itabidi nimchukue nimfunze adabu."

"Sasa shemeji," nikamuuliza, "mama yake atabaki naye akishika nini?"

"Wewe kunywa chai yako."

Mama mtu, Tham, alitoka Vietnam kuja kuolewa na Jong-seok, mtoto wa huyu mzee. Alikaa karibu na mlango, ameshikilia magoti yake kwa nguvu. Mumewe, mwanamume mzima mwenye trekta lake, alikuwa anatazama soksi zake. Nilimdharau sana saa ile.

Gyu-min akawekwa mbele ya meza. Wazee wenye suti wakaanza kumwita kama wanaita kuku, brashi, brashi, chukua brashi. Mtoto akachukua mkate wa mchele.

"Tumbo," mzee akasema. "Mnaona anachofundishwa huko."

Lakini mtoto hakuula. Akatambaa nao mpaka ukutani alikoegemezwa bibi kizee, mama yake mzee Pyo, ambaye tangu aletwe hapa asubuhi hakuna hata mmoja wetu wa ukoo aliyemkumbuka hata kwa maji. Akaumega, akamtia kipande mdomoni, huku na yeye ameachama, vile anavyofanya mtu anayemlisha mwingine.

Mzee akajipiga paja. Tayari alishageuza kauli. "Mwaka mmoja tu, na anajua kuheshimu wazee. Hakuna aliyemfundisha. Hiyo ni damu. Leteni nguo zake, kuanzia leo anakaa hapa."

Tham akasimama. "Baba, bibi yuko kwetu tangu mlipomleta wakati wa baridi. Namlisha mara tatu kwa siku, na Gyu-min yuko mgongoni kwangu. Anaona."

"Kuona si kitu. Hata nyani anaona. Haya mambo yamo kwenye damu."

Bibi kizee alikuwa bado anatafuna, maana amebakiwa na meno mawili. Akameza, akamtazama mwanawe.

"Deok-man, damu hiyo nilikupa mimi. Mara ya mwisho kunilisha ilikuwa lini?"

Mimi nikainamia kikombe changu, maana swali lilinihusu hata mimi.

Tham akamfunga mtoto mgongoni, akamwinua bibi kizee, wakatoka. Jong-seok akawafuata na viatu vya bibi mkononi. Hakuna aliyethubutu kuwazuia.

Mzee akatugeukia, akatuambia mama yake siku hizi akili zimemruka, tule chakula kisipoe. Tukala.