Safari ya Kwenda Kutazama Boriti

Ukitaka kujua mahali pa kutembea katika nchi ile ya watu, humuulizi mwenyeji, unamuuliza Nesi. Miaka sita ya kazi ya wodini ilimtosha kuimaliza nchi nzima: maziwa yake, milima yake, na majumba ya wafalme waliokwisha kusahauliwa hata na wajukuu wao. Ramani aliibandika kwenye mlango wa friji, na kila alikokwenda alipazungushia duara jekundu. Mgeni akija kunywa chai, kabla hajaonyeshwa kiti alionyeshwa ramani.

Mwenzake waliyepanga naye nyumba, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye kiwandani walimwita Cheche, hakuwa na duara hata moja. Ule ulikuwa mwaka wake wa saba ugenini. Likizo zake zote alizipeleka nyumbani kwao, akienda na masanduku mazito na kurudi na mepesi. Nesi alimtania kwamba siku akiulizwa nchi ile ikoje, atajibu kuwa ina kiwanda na kituo cha basi. Cheche alicheka tu.

Sasa baba yake alikuwa anakuja. Wiki mbili, na kati ya hizo Cheche alipewa ruhusa ya siku nne. Magoti ya mzee hayakuwa ya kuhangaishwa huku na huku, kwa hiyo safari ya kutembea ingekuwa moja, na Nesi alilivalia njuga jambo hilo kana kwamba mgeni ni wake.

"Maporomoko," alisema. "Mpeleke kwenye maporomoko ya maji. Kuna hoteli inatazamana nayo, kuna lifti, mzee hapandi hata ngazi moja. Watu wanakuja kutoka pande zote za dunia kuyaona."

"Sawa," Cheche alisema.

"Mbona unasema sawa kama mtu aliyeambiwa atang'olewa jino?"

Moyoni Cheche alikuwa na mahali pengine, lakini alipaogopa.

Ili kuelewa alichokiogopa, lazima umjue baba yake. Mzee yule alikuwa fundi wa mageti kwa miaka arobaini, na kwao hakuna mtaa usio na geti lake. Yeye ndiye aliyemfundisha Cheche kazi, ingawa kufundisha ni neno kubwa, afadhali tuseme alimvumilia. Binti alianza kwa kumshikia vyuma visichezecheze, akaja kushika grainda ya kusagia vyuma, mwisho akavaa miwani ya giza na kuunguza viatu vyake mwenyewe. Kazi ikiwa mbaya, mzee aliigonga kwa nyundo mpaka ikaachana, kisha akamtazama. Kazi ikiwa nzuri, aliipita akaenda zake kunywa maji. Miaka kumi na mmoja ya kufanya naye kazi, neno "vizuri" halikuwahi kumtoka. Watoto wengine walisifiwa kwa kufaulu mitihani na hata kwa kuoa, Cheche alisifiwa kwa kutogongewa.

Akasafiri, akapata vyeti vitatu, akawa fundi wa vyuma vizito katika kiwanda ambacho ukitaka kumwita mwenzako unapiga filimbi. Mwanamke wa miaka thelathini na tisa, msimamizi wa mafundi sita, na bado alilitaka neno lile. Alilitaka vibaya sana. Angeweza kukuambia kwamba halitaki, lakini angekuwa anakudanganya.

Na mahali alipopaogopa ni daraja. Miaka miwili mizima yeye na wenzake walikuwa wakichomelea boriti za daraja la mji mmoja wa mbali, mwendo wa saa tano kwa treni, mji usio na mfalme wala maporomoko. Boriti zilitengenezwa kiwandani kipande kimoja kimoja, kila kimoja kama nyumba iliyolazwa ubavu, kisha malori yakavichukua mchana kweupe, na huo ndio ulikuwa mwisho. Daraja lilipofunguliwa aliona kwenye simu picha ya wakubwa wakikata utepe. Hakuwahi kulikanyaga. Ungemuuliza kwa nini angesema ni likizo, ni nyumbani kwanza, na yote ni kweli, ila pia alihofia kufika pale akakuta ni daraja tu.

Kumpeleka baba pale ilikuwa kujiweka chini ya nyundo. Akiipita kazi ile kimya kama alivyozipita nyingine, basi neno lile halipo duniani, na itabidi akubali. Ndiyo maana alisema "sawa" kwenye maporomoko. Maporomoko hayana mshono wa kuchomelea wa kukaguliwa.

Mzee alifika na koti la kuazima na begi moja dogo. Siku ya pili, asubuhi, Nesi alimketisha jikoni baada ya shikamoo na marahaba, akaibandua ramani yake mlangoni mwa friji na kuitandaza mezani.

"Baba, hapa ndipo tunapokupeleka," alisema, kidole kikiwa juu ya duara. "Maji yanaanguka toka juu huko, moshi wake unauona kabla hujafika."

Mzee alivaa miwani. Aliitazama ramani kwa heshima, kama alivyotazama michoro ya wateja.

"Nchi kubwa," alisema. Kisha akamgeukia binti yake. "Kazi yako iko wapi hapa?"

"Kiwanda? Hiki hapa, baba. Hapa hapa mjini."

"Sikuuliza kiwanda. Kiwanda ni banda. Nauliza kazi imesimama wapi."

Nesi akamtazama Cheche; hata yeye hakuwa akijua.

"Mimi nikitoka nyumbani kwangu asubuhi," mzee aliendelea, "napita geti la mwalimu, nalitikisa. Napita la kanisani, nalitikisa. La msikitini pia. Nikifika dukani nimeshajua yote yameamkaje. Wewe miaka saba hapa unachomelea, chuma kinakwenda wapi?"

Cheche alinyoosha mkono taratibu akaweka kidole kwenye mji ule wa mbali, mahali ambapo Nesi hakuwahi kupafikiria.

"Kuna daraja," alisema.

"Umeliona?"

"Hapana, baba."

Mzee alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Hakukasirika, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Hujaliona," alirudia, kama mtu aliyeambiwa mjukuu wake amezaliwa na hakuna aliyekwenda hospitali. "Basi hayo maji yaache yaanguke. Twende huko."

"Lakini baba," Nesi akaingilia, "huko hakuna kitu. Hakuna hata hoteli ya maana. Mimi mwenyewe sijafika."

"Ndiyo afadhali, binti yangu. Tukirudi tutakuhadithia sisi."

Tangu Nesi aibandike ramani ile hakuna mtu aliyewahi kumwahidi kumhadithia kitu.

Treni iliondoka saa mbili asubuhi. Mzee alikaa dirishani, akahesabu madaraja madogo yaliyopita na kuyaponda moja moja: hili limeota kutu, hili lina nati kama vile aliyelijenga alilipwa kwa hesabu ya nati. Cheche alimsikiliza. Kila daraja lililopondwa alilichukua kama salamu zilizotangulizwa kwa daraja lake.

Walipotoka kituoni waliliona. Hukuhitaji kuulizia, lilikuwa juu ya paa za nyumba, refu, la rangi ya kijivu, limepita juu ya mto mpana bila nguzo hata moja ndani ya maji. Magari yalikuwa yakipita juu yake yakionekana madogo. Cheche alisimama katikati ya njia ya waenda kwa miguu mpaka mtu wa baiskeli akampigia kengele. Alikuwa amezizoea boriti zile zikiwa zimelala, amezipanda kwa ngazi, amejikunja ndani yake siku nzima na jasho likimwingia machoni. Hakuwahi kuziwazia zikiwa zimesimama na mto chini yake. Furaha ilimpanda ghafla, kubwa, akataka kumshika mkono mtu yeyote. Lakini aliyekuwa karibu ni baba yake, naye alikuwa ameshatangulia kuelekea ukingoni.

Chini ya daraja palikuwa na njia ya lami iliyofuata mto, na pale ukingoni boriti zilishuka karibu kiasi cha kufikiwa kwa mkono.

"Yako ni ipi?" mzee aliuliza.

"Ya tatu kutoka huku. Upande wa chini."

Kila fundi kiwandani alikuwa na namba yake, na alipomaliza mshono aliigonga pembeni kwenye chuma, ili kosa likitokea ajulikane wa kulaumiwa. Cheche aliitafuta chini ya rangi, akaipata kwa vidole: hamsini na nane.

"Hii ni mimi."

Mzee aliweka begi chini, akavaa miwani, akainama kwa shida. Alitazama. Akapapasa kwa kidole gumba kwenda na kurudi. Akahamia upande wa pili. Akawasha tochi ya simu ingawa ni saa nane mchana na jua lote liko nje.

"Mshono uko wapi?"

"Tumeusaga, baba. Lazima uwe sawa na chuma. Halafu wanaupiga picha ya ndani, ile kama ya hospitali, waone kama kuna tundu."

"Chuma kinapigwa picha ya hospitali?"

"Ndiyo."

"Mimi nilivunjika mguu sikupigwa."

Akaendelea kupapasa. Alitembea urefu wa boriti ile hadi inapoingia kwenye zege, mkono mmoja juu, akisimama hapa, akirudi pale alipopita, akigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Dakika zilipita. Cheche alisimama na begi la baba yake mkononi, mwanamke mzima mwenye mafundi sita, akihesabu pumzi zake. Hatimaye mzee alizima tochi, akaunyoosha mgongo kwa vituo vitatu.

"Haya," alisema. "Twende juu."

Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu. Haya, twende juu. Cheche aliinama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu, ingawa viatu vyake havikuwa na kamba. Alijiambia kwamba hakugongewa, na kutogongewa ni kitu. Alijiambia hivyo ngazi zote hamsini, akimsubiri baba yake apumzishe magoti kila zikifika kumi.

Juu kulikuwa na upepo na benchi. Kwenye benchi alikaa mama wa makamo mwenye kitoroli cha kuvuta kilichojaa mboga, anapumzika. Aliwasogezea nafasi. Mzee aliketi, akamwamkia kwa kuinamisha kichwa, kisha akamgusa binti yake.

"Muulize huyu mama anatoka wapi."

Cheche akauliza. Mama yule akajibu kwa furaha ya mtu aliyekosa wa kuongea naye tangu asubuhi: anatoka sokoni anakwenda kwa dada yake, ng'ambo. Zamani alizunguka kwa basi mbili, akawa anamwona dada yake mara moja kwa mwezi. Siku hizi anavuka kila siku mpaka dada amemchoka. Cheche akamtafsiria baba yake, na mzee akacheka, kisha akakaa sawasawa, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyepewa nafasi ya kuzungumza harusini.

"Mwambie," alisema, "mimi ni fundi wa miaka arobaini. Mageti niliyochomelea sina hesabu yake. Nimefundisha mafundi wengi, na hakuna ambaye sikuvunja kazi yake nikamrudisha mwanzo. Mwambie huyu aliyekaa hapa ni binti yangu, na chuma hiki tulichokikalia amekiunga yeye. Leo nimekitafutia kosa. Sikutafuta kwa mchezo, nimelitafuta kwa nia ya kulipata, maana huyu ni wangu na sitaki watu wamcheke. Sikulipata. Mwambie kazi hii mimi siiwezi, na sikuwahi kuiweza hata nilipokuwa na macho. Amenipita."

Alisema yote hayo akimtazama yule mama usoni. Kwa binti yake hakugeuka hata mara moja.

Upepo ulimtoa Cheche machozi, au tuseme ni upepo. Alimgeukia mwanamke yule, akalamba midomo, na kwa lugha ile ya kigeni akasema, "Baba yangu anasema ni daraja zuri."

Mama akaitikia kwa kichwa kwa adabu. Kweli, alisema, ni zuri.

"Umemaliza?" mzee aliuliza.

"Nimemaliza, baba."

"Mimi nimesema maneno mengi mpaka pumzi imekata, wewe umesema matano. Lugha yao ni fupi kiasi hicho?"

Cheche akaangalia chini, kwenye chuma. "Baba, siwezi kujisemea mwenyewe maneno hayo. Ataniona najisifu."

"Hujisifu. Ninayesema ni mimi, wewe ni mdomo tu. Anza upya. Anzia kwenye mageti."

Akaanza upya, akaanzia kwenye mageti. Alisema ya miaka arobaini, akasema ya kazi zilizovunjwa, akasema chuma hiki amekiunga nani. Mama yule aliacha kushika kitoroli chake. Cheche alisema jinsi kosa lilivyotafutwa na lisipatikane, na alipofika kwenye neno la mwisho, lile la kupitwa, akageukia mto. Baba yake, asiyejua hata salamu ya lugha ile, alijua ni lipi limebaki.

"Na hilo," alisema.

Akalisema.