Karatasi Mbili Zilizofanana

Darasa langu la tano lilikuwa na wanafunzi sitini na wanane, na jaribio la hesabu la kila Ijumaa nililisahihishia nyumbani, huku mume wangu akininung'unikia kwamba nimeolewa na karatasi. Ijumaa moja nilikuta mbili zimefanana kama mapacha: majibu yale yale, makosa yale yale, hata jina la juu lile lile. Moja ilikuwa ya Kasuku, msichana aliyebandikwa jina hilo na wenzake kwa kuwa mdomo wake haujui kupumzika. Ya pili niliitambua kwa mwandiko. Ilikuwa ya jirani yake wa dawati, binti mkimya ambaye mama yake, fundi cherehani, alimwita Bibi kwa sababu amerithi jina la bibi yake.

Jumatatu nilimsimamisha Bibi mbele ya wenzake.

"Yaani unaiba mpaka jina la mtu?"

Darasa likaangua kicheko. Naye akatabasamu pamoja nao, na tabasamu lile likanipandisha hasira zaidi. Nikamhamishia nyuma kabisa, peke yake.

Wiki mbili Bibi alipata sifuri juu ya sifuri. Wiki ya tatu hakuja. Nilimuuliza Kasuku kama rafiki yake anaumwa.

"Haumwi, mwalimu. Amechoka tu." Alitazama viatu vyake. "Ukigeukia ubao haoni mdomo wako. Mimi ndiye nilikuwa namwambia unachosema."

"Mdomo wangu wa nini?"

"Si hasikii, mwalimu!" Alinishangaa kana kwamba nimemuuliza jua linachomoza wapi. "Sisi wote tunajua."

Miezi mitano nimemfundisha! Nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Alivuta faili, akaniwekea fomu mezani. Mama mtu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: HASIKII VIZURI. AKAE MBELE.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungempokea?" Alivua miwani. "Shule mbili zilishamkataa. Nikaona heri aingie kimyakimya kuliko abaki nyumbani."

Pengine ningemkataa kweli, na hilo linaniuma hadi leo.

Baada ya vipindi nilikwenda kwenye kibanda cha fundi. Bibi alikuwa ameketi sakafuni, anafumua pindo la sketi. Mama yake hakusimamisha cherehani.

"Karibu, mwalimu. Umeleta nguo?"

"Nimekuja kuomba radhi, mama."

"Basi wa kuombwa si mimi. Yule pale."

Nikachuchumaa mbele ya mtoto. "Ni-sa-me-he," nikasema kwa sauti ya juu, nikivuta kila silabi.

"Usipige kelele," akajibu. Sauti yake ilikuwa nzito, na ndipo nilipogundua kwamba sijawahi kuisikia. "Ukipiga kelele, mdomo unapinda."

Mama yake akacheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa.

Bibi alirudi Jumatatu, nikamkalisha na Kasuku mstari wa mbele. Lakini mazoea yana taabu: mara kumi kwa siku nilijikuta naongea na ubao. Wazazi wawili walikuja kulalamika kwamba nawachelewesha watoto wao kwa ajili ya mtoto mmoja. Hawakusema uongo, tulikuwa nyuma sura nzima ya kitabu.

Mwezi uliofuata Kasuku alishikwa na homa. Siku hiyo nilifundisha kujumlisha sehemu, uso nimeuelekeza kwa darasa. Bibi akanyoosha mkono, mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Sijaelewa."

Nyuma mtu akaguna. Nikarudia. Akatikisa kichwa. Nikachora duara ubaoni, nikaligawa, nikageuka, nikaeleza upya taratibu. Akatikisa kichwa tena, machozi yanamlengalenga, ila mkono hakuushusha. Kengele ya mapumziko ikalia, wenzake wakatoka mbio. Tukabaki wawili, mimi na chaki mkononi, nikitafuta njia nyingine ya kusema jambo lile lile.