Mistari ya Mama Chokaa

Mama Chokaa alikuwa ameshapiga mstari wa kati, yuko miguu peku kama kawaida yake, meneja wa uwanja alipomwita kutoka kwenye ngazi.

"Mama, achia hapo hapo! Fainali ya wasichana imehamishwa."

"Imehamishwa wapi, bosi?"

"Nje, kwenye maegesho. Jioni kuna harusi ya mtoto wa mkubwa. Wewe nipigie alama za magari ya wageni, hapa hapa kwenye nyasi."

"Yaani magari yaje uwanjani, wachezaji wakacheze kwenye maegesho?"

"Usiniulize mimi. Na mimi nimepigiwa simu tu."

Mama Chokaa akajikuta amekaa chini, pu! Mmoja wa magolikipa wa fainali hiyo ni kitinda mimba wake. Tangu utotoni binti huyo alidaka mipira kwenye ukuta wa choo, akiapa kwamba ipo siku atadaka humu ndani, kwenye mistari ya mama yake.

Na uwanja wenyewe, jamani, acheni tu! Humu ndimo bendera ya uhuru ilimopandishwa mara ya kwanza, watu wazima wakalia kama watoto. Mwaka wa mafuriko mitaa mizima ilihamia chini ya majukwaa, na wanawake wakajifungulia kwenye vyumba vya kubadilishia jezi. Yakishaisha yote, mistari ilirudishwa kwa kamba ileile ya katani aliyoisokota marehemu baba yake Mama Chokaa, kila fundo na kipimo chake. Na mwenye viatu haruhusiwi kusogea mistari ikipigwa. Hata mawaziri walivua.

Mama Chokaa akainuka. Akabeba kamba na ndoo ya chokaa, akatoka nje bila kuaga.

Huko kulikuwa na vumbi na kokoto. Wasichana walikuwa wamesimama na jezi zao mpya. Binti yake alikuwa amebana glavu kwapani, macho mekundu.

"Mama, hapa si nitachunika?"

"Utachunika, mwanangu. Vua viatu, ushike ncha hii."

"Kwenye kokoto?"

"Vua."

Akavua. Wenzake nao wakavua, wakaanza kuokota mawe. Wafagiaji wa uwanja wakaacha mafagio yao wakaja kusaidia. Mpaka mstari wa goli unakamilika, nyayo za mama zilikuwa zinavuja damu, lakini kona zimenyooka, raha kuziangalia.

Meneja akaja mbio, anahema. Nyuma yake malori yaliyobeba jukwaa la harusi yalikuwa yanapita getini, yanakwenda kuchimbua nyasi.

"Wewe mama! Chokaa hiyo ni mali ya taifa!"

"Na hawa mabinti ni wa nani?"

Simu ikaanza kumlilia meneja mfukoni.

"Halafu, bosi," Mama Chokaa akasema, akivuta kamba kuelekea goli la pili, "umesimama ndani ya uwanja. Vua viatu."