Upepo Ndani ya Breki

Mtaani walimwita Spoku, jina alilobandikwa na kaka yake kwa kuwa alikuwa mwembamba na hakunjiki kirahisi. Alikuwa fundi baiskeli, tena si wa kubahatisha. Breki za mafuta, zile ambazo mafundi wengine wakiziona hujikuna kichwa na kusingizia homa, yeye alizifungua kama mtu anayemenya viazi.

Ndiyo maana maneno ya wifi yake yalimkata maini. Siku ya kumzika kaka, aliyeteremka na baiskeli mlima wa kiwandani kwa kasi akaishia ubavuni mwa lori, wifi alisimama mbele ya waombolezaji akasema, "Breki alitengeneza dada yake. Muulizeni yeye." Tangu hapo hakuna aliyekanyaga mlango wa mwenzake. Wiki ileile ya ajali Spoku alikuwa ametoa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki ya mbele, mkono wa breki ukawa mgumu, akamwambia kaka yake, haya, nenda. Lakini kila alipobaki peke yake alijiuliza kama hakuacha upepo kidogo mle ndani, wa kuifanya breki isikamate.

Polisi walikuwa wameirudisha baiskeli kwa mama zamani. Mama, aliyechoka kuwa na binti na mkwe wasiosalimiana, sasa aliwaita wote wawili. Iangaliwe mbele yao, liishe.

Waliikuta ukumbini, imeegemezwa ukutani, inang'aa.

"Hujambo, wifi?"

"Sijambo. Fanya kazi yako."

Spoku akaukandamiza mkono wa breki ya mbele. Ukaenda laini, bila ubishi, mpaka ukagusa usukani.

"Umeona?" wifi akasema. "Umeona mwenyewe?"

"Subiri kwanza. Huenda mafuta yamevuja."

Aliomba yawe yamevuja. Mpira wa kupitisha mafuta uliochanika kwenye ajali ungemwokoa. Akapitisha karatasi nyeupe kwenye kila kiungo, kuanzia usukanini hadi chini gurudumuni, akachomoa pedi akazinusa, akakagua diski. Kukavu kote, hata tone hakuna. Akaanza kuubonyeza ule mkono taratibu, tena na tena, nao ukaanza kukaza, kama ufanyavyo upepo ukiwa ndani. Hapo hapakuwa na ubishi tena. Ni upepo, uleule aliopewa kazi ya kuutoa.

"Kunywa maji, mwanangu," mama alisema, akimwekea kikombe. "Na huo usafi mnaouona ni wa mikono yangu. Naiosha kila Jumamosi. Halafu naipindua, magurudumu juu, tairi zisije zikaharibika kwa kukaa. Leo asubuhi ndiyo nimeisimamisha, kwa ajili yenu."

Spoku akaacha kubonyeza.

Nani asiyepindua baiskeli? Kwa breki za waya hakuna neno. Za mafuta zina mambo yake: juu, kwenye kikopo kidogo cha mafuta kando ya usukani, mara nyingi upepo kidogo hukaa bila kumdhuru mtu. Ukiipindua baiskeli, upepo ule hupanda na kuingia kwenye mpira, na mkono wa breki hulegea. Breki iliyokuwa nzima siku ya ajali ingekuwa hivi leo. Na iliyokuwa mbovu ingekuwa hivihivi. Aliyeufuta ukweli ni mama, kwa sabuni na mapenzi, na hakuna fundi wa kuurudisha.

Maneno yalishamfika mdomoni. Mama alimtazama usoni, akauliza kwa sauti ndogo, "Nimekosea kuipindua?"

Alikuwa amekonda sana, mama yule. Alishamzika mwanawe, na kitu pekee alichobaki nacho cha kumfanyia kilikuwa kumwoshea baiskeli.

"Hapana, mama. Kuipindua hakuna neno."

"Basi ni nini?" wifi akauliza.

"Ni upepo. Ulibaki ndani."

"Ulibaki, au uliuacha?"

"Niliuacha."

Spoku akangoja matusi, hata kofi angelipokea. Wifi akateleza na ukuta mpaka sakafuni, akajifunika uso.

"Tuligombana asubuhi ile," alisema. "Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mumewe. Siku zote hizi nawaza, labda alikusudia. Labda hiyo breki hata hakuishika."

Mama alikuwa amemshika mkwe wake bega, na wote wawili walimtazama Spoku.

"Aliishika, wifi," alisema, ingawa hakujua. "Aliishika kwa nguvu zake zote. Haikukamata."

"Asante," wifi akasema, akilia. "Mungu anisamehe, lakini asante."

Spoku akainama kukusanya spana zake, machozi yakimdondokea mikononi. Wifi sasa angeweza kulala. Yeye ndiye asingejua mpaka kufa kwake kama ni kweli alimuua kaka yake.