Nati Moja tu ya Bomba la Moshi

...na hata hivyo haingii chini ya gari kukaa, anakaza nati moja tu ya bomba la moshi anatoka, dakika mbili, nani amewahi kufa kwa dakika mbili, wengi, wengi tu, nyamaza, akajiambia, akapiga magoti juu ya kadibodi akachungulia, jeki imesimama, imesimama vizuri kabisa, isipokuwa lile tofali alilolitia chini yake kwa sababu jeki yenyewe fupi, na tofali lina ufa, huo ufa ulikuwepo au umeingia sasa hivi... mkewe mlangoni anauliza kama amevuta handibreki, amevuta bwana, amevuta mpaka mwisho, halafu moyo ukamlipuka, handibreki inashika tairi za nyuma na za nyuma ndizo hizi zinazoning'inia, sasa gari zima limeshikwa na nini, jiwe moja pale mbele, jiwe lenyewe kama kiazi, salaale... na stendi za kushikilia gari zipo, nyumba ya pili tu, kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa magari, stendi nne za chuma zimeegemezwa ukutani, ni kuvuka ua na kupiga hodi, lakini hodi hiyo ataipigaje, si mdomo huu huu ulioropoka mbele ya wakwe kwamba ufundi gani huo, kufungua nati na kufunga nati, na shemeji wala hakukasirika, laiti angekasirika, alitabasamu tu akasema, "Sawa, siku gari likikulalia usiniite," wakwe wote wakaangua kicheko, mama mkwe naye, mpaka akajifuta machozi... basi ataingia, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, akalala chali, spana kifuani, kichwa bado nje, chuma kikalia mahali fulani, ki, kidogo tu, labda ni jua linapasha bati, labda, na mkewe huyo amevuta kigoda ameketi karibu na miguu yake, yeye akamwambia aingie ndani ya nyumba, jua kali, mke akasema hapa hapa panamtosha.

"Unangoja nini sasa?"

"Nangoja utoke."

Hakulisema kwa hasira, angelisema kwa hasira angemjibu, kalisema taratibu kama watu walioketi kwenye benchi la hospitali, mikono mapajani, wameshaacha kuuliza maswali, na hata hajaingia, mama wee, hata hajaingia na mwanamke ameshaanza kungoja, na likitokea la kutokea atakayevuka ua ule mbio bila viatu ni huyu huyu, atakayelivuta gari kwa mikono mitupu ni huyu, na yote hayo kwa sababu mumewe hakutaka kuchekwa mara ya pili... bomba liko pale chini ya gari, gari halijasogea, naye kalala vilevile, spana inapanda na kushuka kifuani, anatafuta tu namna ya kumwambia kwamba haingii, na kwamba ameogopa.