Viti vya Mgeni Rasmi

Mwinjuma alikuwa amelala kwenye sakafu ya simenti ya zahanati ya gereza, magoti kayakunja hadi kifuani. Alikuwa fundi baiskeli wa Mbagala, mahabusu mwaka wa tatu sasa, na kesi yake ilikuwa haijaanza hata kusikilizwa. Tupokigwe, mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa nne aliyekuja na wenzake kutoa huduma ya bure gerezani, alimgusa tumbo. Lilikuwa gumu kama ubao.

"Utumbo umepasuka," alimwambia Dokta Wilbert, mwalimu wao. "Afanyiwe upasuaji leo leo."

"Sahihi kabisa! Kesi nzuri hii. Waite wenzako."

Wakaja kumi na mmoja, makoti meupe yamenyooshwa pasi, wakapanga foleni. Ndivyo udaktari unavyofundishwa: kila mmoja lazima ashike. Kila mmoja alibonyeza, akaandika kwenye daftari lake, akampisha mwenzake. Kufikia mkono wa saba Mwinjuma alikuwa analia kwa sauti.

"Sista, waambie basi. Inatosha jamani."

Hakuwaambia. Dokta Wilbert ndiye aliyekuwa anatoa maksi, na Tupokigwe alijichukia kwa kulikumbuka hilo.

Walipomaliza alimkimbilia Afande Fransis, mkuu wa zamu.

"Shikamoo, afande. Kuna mgonjwa anatakiwa hospitali sasa hivi."

"Marahaba. Gari halipo."

"Niite bajaji? Nalipa mie."

Afande alicheka. "Mahabusu kwenye bajaji! Akitoroka, utakaa ndani wewe? Anatoka kwa gari la gereza, na askari wawili."

"Gari limeenda wapi?"

"Ubungo, kuchukua viti. Si nyie mnafunga huduma yenu leo? Mgeni rasmi akae chini?"

Gari lilirudi saa nane, limejaa viti hadi mlangoni. Tupokigwe alivishusha mwenyewe, vinne vinne, huku wenzake wakipiga picha. Aliposhusha cha mwisho alikimbia zahanati. Mwinjuma alikuwa keshafunikwa shuka.

Saa tisa mgeni rasmi alimwita mbele mwanafunzi bora, aliyegundua ugonjwa mgumu kwa mikono mitupu. Wafungwa, waliosimamishwa nyuma juani, waliamriwa wapige makofi. Tupokigwe alipokea cheti. Alitamani kukichana, akakikunja.

Sherehe ilipokwisha alimfuata tena Afande Fransis.

"Afande, sasa gari lipo. Mpelekeni mochwari."

"Atasubiri," alisema afande, akimwashiria dereva apakie. "Viti vinatakiwa Ubungo kabla ya saa kumi na mbili."