Nafasi Kwenye Pikapu

Kaka mtu alifika na pikapu mchana, redio zikipiga kelele kwamba kimbunga kitaingia jioni. Dada yake, fundi cherehani, akashusha pumzi, maana mama yao alikuwa amepooza na mabasi ya uokoaji yalikataa kubeba mtu asiyeweza kukaa. Kaka akapakia friji, akapakia televisheni, akakaza kamba utadhani kabeba mayai.

"Na mama je?"

"Mama ataumia na mashimo ya barabarani, mdogo wangu. Nashusha hivi, narudi kumchukua."

Mwanaume mzima na ndevu zake, akawasha gari akaondoka.

Maji yalikuwa yameshameza pedeli ya cherehani simu ilipoita.

"Umefika wapi, kaka?"

"Nimefika salama. Hivi, rimoti ya televisheni mliiweka wapi?"